Rufaa yenye kuandikwa na akili bandia: Kifaransa ni safi, lakini mulango na tarehe ni vya kweli?

Kabongo, Haut-Lomami. Mutu akishindwa kesi ya shamba mbele ya tribinali, mara mingi kitu cha kwanza anatafuta hapana avoka. Anatafuta mutu mwenye kujua kuandika Kifaransa. Zamani alikuwa mwalimu, katekista ao karani wa reli mwenye pensheni. Leo, mahali kwenye rezo inashika, anaweza kuwa kijana mwenye simu yenye programu ya akili bandia, ile watu wanaita IA. Kijana anaandika maneno kidogo, anabonyeza, na kisha dakika moja barua ya rufaa iko tayari: jina la prezidenti wa tribinali, namba za sheria, heshima zote, hakuna kosa hata moja la maandishi.

Ile barua iko na sehemu moja yenye watu wanasoma haraka-haraka. Ni ile mistari ya mwanzo yenye kueleza sababu gani tribinali hii, na si ingine, iko na haki ya kusikiliza rufaa, na sababu gani rufaa imefika ndani ya siku zenye sheria inakubali. Wanasheria wanaita mambo hayo kompetansi na kupokelewa kwa rufaa. Maneno mengine yote ya barua yanaweza kuwa ya kweli, shamba linaweza kuwa kweli la babu, mashahidi wanaweza kuwa kumi. Kama ile mistari ya mwanzo ni ya uongo, muamuzi hafiki kwenye shamba. Anafunga dosie.

Na hapo, kwenye mistari hiyo, ndipo akili bandia inakosea kwa urahisi zaidi.

Haki iko, lakini iko na mulango

Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 21, inasema haki ya kupinga hukumu inahakikishwa kwa watu wote. Kifungu cha 19 kinasema hakuna mutu anayeweza kuondolewa, bila mapenzi yake, mbele ya muamuzi mwenye sheria imemupangia. Vifungu hivyo viwili vinatembea pamoja: uko na haki ya kukata rufaa, lakini mbele ya muamuzi wako wa sheria, hapana mbele ya kila muamuzi mwenye uko karibu naye.

Muamuzi wa rufaa haanze na kuuliza nani mwenye haki. Anaanza na maswali mengine. Hukumu yenye unapinga ilitolewa na tribinali gani, na kwa kiwango gani? Wewe ulikuwa kweli ndani ya kesi hiyo? Siku zimepita ngapi? Hukumu hiyo ilimaliza kesi, ao ni uamuzi wa njiani tu, sawa vile kutuma mutu apime shamba? Nakala rasmi ya hukumu iko wapi?

Inchi zingine zimeandika maswali hayo mbele. Katika Marekani, kanuni ya 28 ya rufaa za mahakama za shirikisho inalazimisha kila mwenye kukata rufaa aandike sehemu ya pekee: mahakama ya kwanza ilipata wapi uwezo, mahakama ya rufaa inapata wapi uwezo, tarehe gani zinaonyesha kama hajachelewa, na kama hukumu ni ya mwisho. Kwetu barua ya rufaa haina kichwa chenye jina hilo, lakini maswali ni yaleyale. Na kompetansi ya tribinali juu ya aina ya kesi ni jambo lenye muamuzi anaweza kuinua yeye mwenyewe, hata kama mupinzani wako amenyamaza.

Kesi gani inaenda wapi

Sheria yenye kupanga tribinali zetu ni sheria ya tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka wa 2013, namba 13/011-B. Kwa mukaaji wa Kabongo, Kitenge ao Kamina, mambo makubwa ni haya.

Tribinali ya amani, ile kila mutu anaita Tripaix, inasikiliza kesi za jamaa, za uriti, na za mashamba yenye kuongozwa na desturi, ikiwa ni ya mutu mumoja ao ya kijiji muzima. Bei ya shamba haihesabiwe hapo. Kesi zingine za madai, sawa vile deni, zinaingia Tripaix kama hazipite franka 2,500,000. Katika mambo ya makosa, Tripaix inahukumu yale yenye azabu haipite miaka 5. Yenye kubaki yanaenda TGI, ni kusema tribinali ya grande instance.

Rufaa ya hukumu ya Tripaix inaenda TGI. Rufaa ya hukumu yenye TGI ilitoa kwa mara ya kwanza inaenda Cour d'appel. Hapo watu wengi wanapotea. TGI inafanya kazi mbili: kuna kesi zenye inaanzisha yenyewe, na kuna zile zenye inapokea kutoka Tripaix kama rufaa. Kama TGI ilishahukumu kama muamuzi wa rufaa, hakuna tena rufaa ya pili. Kunabaki njia ya cassation tu, Kinshasa, na kule hawarudilie kusikiliza mashahidi. Wanaangalia kama sheria iliheshimiwa.

Namna ya kutofautisha iko wazi juu ya karatasi. Namba ya kesi yenye kuanza na RC ao RP inaonyesha kwa kawaida kesi ya kwanza, ya madai ao ya makosa. Yenye kuanza na RCA ao RPA ni ya rufaa. Herufi A moja inabadilisha safari yote. Mutu akiandikia programu "nimeshindwa TGI, unifanyie rufaa", mashini haikuone hiyo herufi. Itaandika kwa furaha barua ya kwenda Cour d'appel, hata kama mulango huo umeshafungwa.

Kuna pia historia ya jimbo. Mpaka 2015, Katanga ilikuwa jimbo moja, na rufaa za hukumu za TGI ya Kamina zilikuwa zinaenda Lubumbashi. Sasa Katanga ya zamani imekuwa majimbo mane, na Haut-Lomami iko na Cour d'appel yake Kamina. Karatasi nyingi za zamani zinasema bado Lubumbashi. Mashini yenye ilisoma karatasi hizo inaweza kumutuma mutu zaidi ya kilomita 400 mahali hapakosi muamuzi, lakini hapana muamuzi wake.

Wenye kufanya biashara wako na mutego wao. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA. Kwa kesi zenye kugusa sheria za biashara za OHADA, kisha Cour d'appel kesi haiende Cour de cassation ya Kinshasa. Inaenda mahakama ya OHADA kule Abidjan, ndani ya miezi 2.

Siku 10, siku 30

Katika kesi ya madai, siku za kukata rufaa ni 30. Kwa hukumu yenye kutolewa mbele ya pande zote mbili, zinaanza kuhesabiwa siku huissier analeta hukumu kwa njia rasmi. Katika kesi ya makosa, siku ni 10 tu, na kama ulikuwa ndani ya kesi zinaanza siku hukumu inasomwa. Mutu mwenye kuhukumiwa bila kuwapo hukumu inaanza kumuhesabia siku wakati analetewa, na yeye iko na njia ingine mbele ya rufaa, ile wanaita opposition.

Mutu mwenye kuchanganya hizo mbili anapotea kabisa. Ndugu ya mufungwa mwenye kusikia "siku 30", akangojea makuta ya coltan ao ya mahindi, siku ya 15 atakuta greffe inamwambia imeisha.

Siku hizo hazina huruma, na mufano mumoja wa Marekani unaonyesha mpaka wapi. Katika kesi Bowles na Russell, muamuzi mwenyewe alikosea: sheria ilikuwa inatoa siku 14, yeye akaandika 17. Bowles akaleta karatasi siku ya 16, ndani ya siku zenye muamuzi alimupa. Mwaka wa 2007 Mahakama Kuu ya inchi hiyo, kwa waamuzi 5 juu ya 4, ikasema rufaa imechelewa, mahakama ya rufaa haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Kongo haifuate hukumu za Marekani. Lakini kama kule kosa la muamuzi halikuokoa mutu, mutu wa hapa asitumainie kama greffe itamusamehe sababu simu yake ilihesabu mubaya.

Sababu gani mashini inakosea hapo

Akili bandia ya kuandika haifungue kitabu cha sheria sawa avoka. Imesoma maandishi mingi sana, na inapanga maneno kufuatana na yale yenye kuja pamoja mara mingi. Kwa Kifaransa, maandishi ya sheria yenye kujaa kwenye intaneti ni ya Ufaransa. Hukumu za tribinali zetu, hizi za Kabongo na Kamina, ziko ndani ya makartoni ya greffe, nyingine zimeandikwa na mukono. Mashini haijaziona.

Kwa hiyo, ukiuliza juu ya rufaa bila kusema inchi, inaweza kukupa sheria ya Ufaransa, kule rufaa ya madai ni mwezi 1 na tribinali ziko na majina mengine. Inaweza kuchanganya Kinshasa na Brazzaville. Inaweza kukupa sheria ya Kongo yenye ilikufa: ile ya mwaka wa 1982 juu ya kompetansi za tribinali, yenye ilibadilishwa na ya 2013, ao kutaja Cour suprême de justice, yenye kazi yake leo imegawanywa kati ya Cour constitutionnelle, Cour de cassation na Conseil d'État. Na kama haina kitu, mara ingine inatunga: namba ya kifungu, tarehe ya hukumu, jina la kesi. Yote kwa sauti moja ile ya mutu mwenye uhakika.

Kosa la lugha mutu anaweza kuliona. Kosa la namba ya kifungu, mukulima hawezi kuliona, na kijana mwenye simu pia hawezi.

Yale yamefikia maavoka wenyewe

Haiko jambo la watu wa mbali na masomo tu. Huko New York mwaka wa 2023, maavoka wawili walileta mbele ya muamuzi Castel hukumu 6 zenye hazikuwako, ChatGPT ilizitunga. Mabishano ya kesi yenyewe, dhidi ya kampuni ya ndege Avianca, yalikuwa juu ya wakati: mushitaki alichelewa ao hapana? Maavoka pamoja na ofisi yao walilipizwa dola 5,000, na siku ileile kesi ya mushitaki ikatupwa sababu ya kuchelewa.

Katika Afrika, mufano wenye kugusa rufaa moja kwa moja ni wa Afrika ya Kusini. Mwezi wa 1 mwaka wa 2025, kule Pietermaritzburg, upande wa Bwana Mavundla ulikuwa unaomba ruhusa ya kukata rufaa. Maavoka wake walitaja hukumu 9. Muamuzi Bezuidenhout alipata 2 tu zenye kuwako. Alipojaribu kuuliza ChatGPT juu ya moja ya zile za uongo, ikamujibu kama iko ya kweli. Ruhusa ya rufaa ikakataliwa, na maavoka wakatumwa mbele ya baraza lenye kusimamia kazi yao. Tuangalie vizuri hapo: kuuliza mashini kama maneno ya mashini ni ya kweli haiko kuhakikisha.

Mwezi wa 6 mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya London ilichunguza dosie moja yenye kutaja hukumu 45, na 18 hazikuwako. Kule mwenye kesi ndiye alitafuta na akili bandia, avoka wake akazipokea bila kuangalia. Ni kinyume cha vile watu wanafikiri: mushitaki analeta karatasi ya simu, avoka anatia sahihi.

Watu hawataacha, na wako na sababu

Kusema "musitumie" ni kuzungumuza na ukuta. Kati ya Kabongo na Kamina kuna zaidi ya kilomita 160 hata ukipita sawa ndege, na watu hawapite sawa ndege. Treni haina saa, piki-piki ni bei, barabara wakati wa mvua kila mutu anaijua. Na katika kesi ya madai, rufaa inatangazwa kwenye greffe ya tribinali ya juu, ile yenye itasikiliza, ao kwa barua rekomande kwa grefye wake. Mutetezi wa tribinali, ule wanaita défenseur judiciaire, anaweza kusimama mbele ya Tripaix na TGI, lakini Cour d'appel ni kazi ya maavoka. Na maavoka wanakaa muji.

Ongeza lugha. Katiba inatambua Kiswahili kama lugha ya taifa, lakini hukumu inaandikwa Kifaransa. Mama mwenye kusema Kiluba na Kiswahili anapewa kurasa tano zenye kuamua nyumba yake, hawezi kuzisoma. Simu yenye kumuelezea kwa Kiswahili nini imeandikwa mule inamupa kitu chenye Serkali haijamupa. Faida hiyo ni ya kweli, na si ndogo.

Kwa hiyo ulizo hapana kama akili bandia ni muzuri ao mubaya. Ulizo ni kazi gani mutu aipe. Inaweza kutafsiri, kunyoosha Kifaransa, kupanga mambo kufuatana na tarehe. Kuchagua tribinali na kuhesabu siku, hapana.

Mbele ya kubonyeza

Mutu mwenye kushindwa kesi leo anaweza kufanya mambo haya, na mingi hayaombe hata rezo.

Kwanza, achukue karatasi kavu aandike: namba yote ya kesi pamoja na herufi zake, jina la tribinali, siku hukumu ilisomwa, siku huissier alileta, majina ya pande zote. Kama kesi ni ya makosa, aandike juu kabisa siku ya 10 itaangukia tarehe gani.

Pili, aende kwenye greffe ya tribinali yenye ilihukumu, aulize maulizo mawili: rufaa ya hukumu hii inaenda wapi, na siku zinaisha lini? Palepale aombe nakala rasmi ya hukumu, sababu rufaa ya madai bila nakala hiyo inaanguka hata ikiandikwa vizuri namna gani. Hiyo nakala hakuna simu yenye inaweza kuitunga.

Tatu, kama kijana anatumia programu, ampe hayo yote, amwambie inchi ni République Démocratique du Congo, na asiache mashini ichague tribinali. Kila kifungu chenye inataja kitafutwe ndani ya maandishi ya sheria yenyewe. Sheria nyingi za Kongo ziko kwenye Leganet. Kifungu chenye hakionekane kiondolewe. Rufaa fupi yenye vifungu viwili vya kweli ni bora kuliko ndefu yenye kumi vya kubahatisha.

Ine, asitie ndani ya programu majina ya watoto, ya mwenye kubakwa, ao siri za ndoa. Tangu mwezi wa 3 mwaka wa 2023 Kongo iko na Code du numérique yenye kulinda habari za watu, lakini maneno yakishatoka ndani ya simu kuyarudisha ni kazi. Aandike "mutoto wa kwanza", "mushitaki", na majina ayaweke na mukono kwenye karatasi ya mwisho.

Tano, asiyekuwa na makuta aulize biro ya mashauri ya bure ya Barreau, na aombe cheti cha umaskini. Saa moja ya avoka kusoma ile mistari ya mwanzo inaweza kutosha.

Na Serkali?

Kuna kitu chenye hakiombe mashini wala makuta mingi: karatasi moja kubwa juu ya mulango wa kila greffe, kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiluba. Kesi za namna gani zinasikilizwa hapa. Rufaa yake inaenda wapi. Siku 10 kwa makosa, siku 30 kwa madai, zinaanza lini. Maradio ya hapa yanaweza kuisoma kila juma. Na hukumu za tribinali zikianza kutolewa wazi, bila majina ya watu, maavoka, wanafunzi wa sheria na hata hizo mashini zitakuwa na kitu cha kwetu cha kusoma.

Mpaka karatasi hiyo ibandikwe, grefye ndiye mutu wa kuulizwa kwanza, na ulizo la kwanza ni la tarehe.